Rozari ya mafundo ya nailoni: ya kusali na ya kwenda nayo kwa wagonjwa

Rozari ninayotaka kuwaelezea haina punje. Ni uzi wa nailoni mtupu, ule mnene wa kushonea nyavu, umefungwa mafundo mwanzo hadi mwisho, na hata msalaba wake umesukwa kwa uzi uleule. Inauzwa shilingi 3,000 kwenye meza ya kinamama nje ya kanisa letu hapa Moshi, baada ya Misa ya pili. Ipo pia ya shilingi 5,000 yenye medali na msalaba wa chuma. Mimi nawashauri mchukue ya 3,000, na sababu zangu nitazitoa.

Kwanza mjue naitumiaje, maana rozari inayomfaa mmoja yaweza isimfae mwingine. Nasali kila siku alfajiri kabla watoto hawajaamka, tendo moja au mawili (tendo ni tukio la maisha ya Yesu na Maria tunalolitafakari kwa kumi moja ya Salamu Maria), na yaliyobaki nayamalizia njiani. Halafu katika jumuiya yetu ndogo ndogo mimi ni mmoja wa tuliokabidhiwa wagonjwa. Kazi yenyewe haina cheo wala sare. Tunakwenda kwa wale wasioweza tena kutoka ndani: tunawaogesha, tunabadilisha mashuka, tunakoroga uji, tunafua, tunamgeuza mgonjwa ubavu, tunasali naye, na hali ikiwa nzito tunampigia Padre simu aje kutoa Mpako wa Wagonjwa. Kwa hiyo rozari yangu inaishi kwenye mfuko wa gauni pamoja na funguo, leso na glavu. Inaloa. Inadondokea chini ya kitanda. Inashikwa na vidole vyenye mafuta ya mgando, na vidole vinavyotetemeka.

Rozari nyingi hazikutengenezwa kwa maisha hayo. Ninayo ya kioo niliyopewa siku ya ndoa yangu, na kwa uzuri haina mpinzani, lakini punje zake zimeunganishwa kwa vipingili vya waya mwembamba ambavyo vikinasa kwenye nyuzi za kanga vinafunguka. Ukiiweka juu ya stuli kando ya mgonjwa aliyepata usingizi kwa shida, inagonga na kumwamsha. Hiyo naitunza kwa sikukuu. Zile nyeupe za plastiki za watoto wa Komunyo ya Kwanza zinastahili bei yake, ila uzi wake hukatika pale unapokutana na medali. Ya mpingo ni jambo jingine kabisa. Mpingo ni mti mgumu, mzito, na kadiri punje zinavyoshikwa ndivyo zinavyozidi kung'aa. Ningekuwa mtu wa kusalia nyumbani na kanisani tu, ningenunua ya mpingo na habari ingeishia hapo. Lakini mbao na sabuni havipatani, na zile za mti laini zilizopakwa rangi zinakuachia rangi kiganjani.

Kuna na za mbegu. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kilema, alikuwa nayo ya zile mbegu za kijivu ngumu zinazoota kwenye majani marefu kando ya mfereji, ambazo zimeumbwa na tundu lake katikati, huna haja ya kutoboa. Hizo sina neno nazo. Ila naomba niseme wazi kuhusu mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile zinazopendeza macho na ambazo nimeziona zikitungwa rozari na bangili: zina sumu kali. Mtoto akiitafuna moja ikapasuka, ni hatari kwa uhai wake. Zisiingie kwenye nyumba yenye watoto wanaotambaa, hata kama zimebarikiwa, na msimpelekee mgonjwa aliyechanganyikiwa anayetia kila kitu mdomoni.

Turudi kwenye mafundo. Rozari kamili ni punje 59: Salamu Maria 53 na Baba Yetu 6. Hapa kila punje ni fundo. Kinamama wanauzungusha uzi mara tatu kwenye kidole cha shahada, wanapitisha ncha ndani, wanavuta taratibu hadi fundo linakuwa duara refu gumu. La Baba Yetu linazungushwa mara nne. Rozari moja inakula kama mita sita za uzi, na ncha mbili za mwisho zinayeyushwa kwa moto wa kiberiti zisifumuke. Nimewakaa karibu wakifanya. Mzee wao mmoja haangalii mikono yake hata kidogo. Anazungumza nawe, mafundo yanatoka sawasawa, na mwisho wa kila kumi anavuta pumzi na kusema "Atukuzwe Baba", kwa sababu anasali humohumo anamofunga.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba inafulika. Nikitoka kwa mgonjwa mwenye kidonda au anayeharisha naitia kwenye maji ya sabuni, halafu kwenye maji yenye jiki kidogo, naisuuza na kuianika kivulini, na jioni imekauka. Mtu asiyehudumia wagonjwa anaweza kuona hili ni dogo. Anayehudumia anajua unatoka nyumba hii unaingia ile, na unachokibeba mfukoni kinatoka nawe. Sitaki rozari yangu ndiyo imletee ugonjwa mtu niliyekwenda kumwombea afya.

Ya pili: haina sauti. Ya tatu: inasomeka gizani. Mwezi wa Oktoba sisi tunasali rozari jioni nyumba kwa nyumba, sanamu ya Mama inahama kutoka familia moja kwenda nyingine, na umeme ukikatika katikati ya tendo hakuna anayesimama kutafuta tochi. Kidole kinajua kilipo.

Lakini sababu iliyonifanya niketi niandike ni Bibi mmoja wa jumuiya yetu. Alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza, na maneno mengi yakampotea. Akitaka maji anasema kitu kingine, naye anajua amekosea, anakasirika, machozi yanamtoka. Rozari yake ya zamani ilikuwa ya punje ndogo nyororo, na mkono wa kushoto haukuwahi kuzoea kazi hiyo. Punje zilimponyoka mbili mbili, akawa anaisukuma pembeni. Nilimpa yangu ya mafundo. Fundo linakwaruza kidogo, linakaa kati ya gumba na kidole, halikimbii. Nikaanza, "Salamu Maria, umejaa neema." Akaendelea mwenyewe hadi "Amina", bila kukosa neno. Daktari aliwaeleza wanawe kwamba hutokea hivyo: mtu anayeshindwa kuunda sentensi mpya bado anaweza kutamka aliyoyazoea tangu utoto, kama sala na nyimbo. Mimi nasimulia nilichokiona. Mwanamke asiyeweza kuomba maji aliongoza kumi zima, na mkamwana wake, aliyekuwa mlangoni na beseni, aliweka beseni chini akaitikia.

Tangu siku hiyo nikibisha hodi na kusema "Tumsifu Yesu Kristo, Bibi," ananijibu "Milele na milele, amina," kisha ananyoosha mkono wa kushoto kwenye mfuko wangu.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wengine halitawapendeza. Nimeshuhudia watu wazuri wakija kwa mgonjwa kwa wingi, wakasali makumi matano na litania na wimbo, wakainuka wakaaga, na mgonjwa amelowa vilevile kama walivyomkuta. Vyombo viko jikoni, mkamwana hajala tangu asubuhi. Mtume Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake alishawasema wanaomwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, nao hawampi kitu. Sala ya namna hiyo imekatika katikati. Na nimeona kinyume chake pia: mtu hodari wa kazi, anafua, anapiga deki, anakemea watoto, hajaketi hata dakika tano na mgonjwa, na mgonjwa anajiona kama mzigo unaosafishwa. Vyote viwili vinamwacha mtu peke yake.

Rozari yenyewe inatufundisha. Tendo la pili la furaha ni Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti, na tunapolisali tunaomba mapendo kwa jirani. Angalieni linakuja baada ya lipi. Malaika ametoka tu kumpasha habari kubwa kuliko zote, naye binti anafunga safari kwenda nchi ya milimani kwa mama mtu mzima mwenye mimba ya miezi sita, anakaa huko kama miezi mitatu. Hakwenda na zawadi tunayoisikia. Alikwenda na mikono yake na Mwana aliyekuwa tumboni. Nikiwa napanda njia ya migombani wakati wa masika, tope limeshika viatu, tendo hilo nalisali polepole kuliko mengine yote, hata kama ni siku ya Matendo ya Uchungu.

Kwa kazi ya nyumbani, hivi ndivyo inavyonisaidia. Muuguzi wa zahanati alitufundisha kwamba mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Makumi matano, mkisali bila haraka, ni kama dakika ishirini. Tunamgeuza Bibi kwanza, tunamkausha, tunampaka mafuta mgongoni na kwenye visigino, tunampa maji, ndipo tunaketi kusali. Tukimaliza, mmoja anabaki kumlisha na mmoja anashika vyombo. Mpangilio huo tumeufanya kuwa sheria yetu: mwili kwanza uwe na nafuu, sala ifuate, na baada ya sala hakuna kuondoka kabla ya kuuliza kumebaki nini.

Wengi huniambia, "Dada, sala ya kila siku ni ya wasiokuwa na shughuli." Huwa nawakumbusha Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa na nchi nzima mabegani na alihudhuria Misa kila siku, na ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianza katika Jimbo la Musoma mwaka 2005. Kama yeye alipata nafasi, mimi mwenye foleni ya maji na daladala ya Mbuyuni nitaipata. Kwenye daladala ukiwa umesimama rozari nzima inasumbua, na hapo kuna ndugu yake mdogo: kinamama wanafunga pia kumi moja tu, mafundo kumi na msalaba, inavaliwa kidoleni kama pete. Shilingi 1,000. Mpeni kijana wa bodaboda, mwanafunzi wa bweni, mlinzi wa usiku.

Kasoro zipo, na nimezitaja kwa watengenezaji wenyewe.

Kubwa ni tofauti ya fundo la mara tatu na la mara nne. Kwa mtu mwenye vidole vizito haitoshi, na mwanzoni unajikuta umesali Salamu Maria kumi na moja. Bikira Maria hakasiriki, lakini mzee anayejali hesabu anafadhaika. Niliwaomba waache nafasi pana zaidi kabla na baada ya kila Baba Yetu, na zinazotoka sasa zina nafasi hiyo. Ukiikuta ya zamani mezani, iache uchukue mpya.

Ncha zilizoyeyushwa kwa kiberiti hubaki na kipembe kigumu. Kwenye kiganja chako hutakisikia. Kwenye ngozi ya mgonjwa mzee, iliyo nyembamba kama karatasi, kinachuna. Pitisha kidole kabla ya kulipa, na ukikikuta wana jiwe la kusugulia palepale.

Nailoni mpya inateleza na mafundo mengine hulegea siku za mwanzo. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu, ivute fundo kwa fundo, iache ikauke. Ikilegea baadaye irudishe mezani, wanakaza bure.

Msalaba wa uzi hauna mwili wa Yesu juu yake. Hilo wazee wetu wanalihisi, na wana haki. Mtu anayekaribia kufa anataka kuubusu msalaba wenye Bwana wake, siyo fundo. Ndiyo maana wengine wananunua ile ya 5,000. Lakini msalaba ule wa chuma una kingo kali, na wa kwangu ulianza kutu baada ya kufuliwa mara kadhaa. Mimi nachukua ya uzi, na katika mkoba ninao msalaba mdogo wa mti wenye sanamu ya Yesu, nauweka mkononi mwa mgonjwa unapohitajika. Kinamama wakipata misalaba ya mti ya kutosha, laini, iliyosuguliwa vizuri, waifunge kwenye rozari hizi. Nitalipa hata 6,000 kwa moyo mweupe.

Lingine ni kikaratasi kinachokuja nayo. Maandishi ni madogo mno, na matendo yaliyochapwa humo ni kumi na matano tu: furaha, uchungu na utukufu. Matendo ya Mwanga yameachwa, wakati Papa Yohane Paulo II aliyaongeza Oktoba 2002. Mtu anayejifunza kusali leo, hasa katekumeni anayejiandaa kubatizwa, anapaswa kuyakuta matendo haya ya kusali Alhamisi: ubatizo wa Bwana mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu, kugeuka sura, kuwekwa kwa Ekaristi. Kwetu sisi wa wagonjwa, arusi ya Kana ni ya lazima. Maria ndiye aliyeona divai imeisha kabla mwenye sherehe hajaaibika. Kuona kilichopungua nyumba ya watu bila kusubiri kuambiwa, sabuni, sukari, mafuta ya taa, ndiyo nusu ya huduma yetu. Kikaratasi kichapwe upya, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 70 atazisoma kwa mwanga wa kibatari.

Sijazungumzia fedha zinakokwenda, na kwangu hiyo ni sehemu ya ubora wa bidhaa. Kinachobaki baada ya kununua uzi kinaingia mfuko wa wagonjwa wa jumuiya. Daftari liko mezani, unaruhusiwa kulifungua. Utakuta pampasi za watu wazima, sabuni ya mche, dawa ya vidonda, nauli ya kwenda kliniki, unga, na mara moja moja mbao za jeneza. Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, la mwisho ni kuzika wafu, na familia isiyo na kitu hulihisi kuliko yote. Unaponunua rozari hiyo umeshamnunulia mtu sabuni kabla hujaanza hata "Nasadiki".

Kuhusu matumizi: nunua kwanza, kisha mpelekee Padre au shemasi aibariki, huwa wanabaki kidogo kwenye veranda baada ya Misa. Ikichakaa kabisa usiitupe jalalani pamoja na maganda. Kitu kilichobarikiwa huchomwa au hufukiwa mahali pa heshima. Kuhusu kuivaa shingoni sitagombana na mtu, ila hii nailoni ikivaliwa kwa jasho inanuka upesi, basi ivue uifue. Na kwa zawadi ya bibi harusi au ya upadrisho, nunueni ya mpingo.

Rangi zilizopo ni bluu, kahawia, nyeusi na nyeupe. Nyeupe inageuka kijivu mapema na haikai vizuri kwenye jiki wala kwenye mafuta. Kwa mgonjwa chukua bluu, ambayo inaonekana juu ya shuka na uchafu wake unauona kwa wakati. Wanaotaka nyingi kwa ajili ya kipaimara au kwa jumuiya nzima watoe taarifa wiki tatu kabla, maana kila fundo ni la mkono. Kwa mwezi wa Rozari agizeni Septemba: Oktoba iliyopita meza ilikuwa tupu kabla ya tarehe 7, sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari, na watu walirudi mikono mitupu. Mje na chenji, kwa sababu asubuhi noti ya elfu kumi kinamama wa mezani huwa hawana cha kuirudishia.